Kichupa cha Wanja Kilichokuwa cha Ugoro

Katika kabati la kioo la marehemu bibi yetu, kwenye nyumba ya ukoo hapa Jeddah, kulikuwa na kichupa kisichozidi urefu wa kidole cha shahada. Kilikaa kati ya mrashi wa fedha na chetezo, na sote tulikiita kichupa cha wanja. Kioo chake kilikuwa na picha ya samaki wekundu wakiogelea kwenye majani ya maji, na pembeni mistari michache ya maandishi ya Kichina ambayo hakuna kati yetu aliyejua kuisoma. Ami yetu mkubwa alisema ni zawadi iliyotoka mkononi mwa Sayyid Barghash. Shangazi alishikilia kwamba bibi alikinunua mwenyewe mjini Jeddah alipokuja kuhiji kutoka Unguja mwaka 1372 Hijria, yaani 1953. Miaka michache iliyopita, siku mbili kabla ya harusi, mmoja wetu alikiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ili akitilie uturi wa bibi harusi. Maji yalitoka ya kijivu, kisha mekundu. Kilipokauka, samaki hawakuwako tena.

Picha ile ilikuwa imechorwa kwa ndani, kwa rangi ya maji. Na kichupa hakikuwa cha wanja wala cha uturi. Kilikuwa chupa ya ugoro ya China, kitu ambacho naamini kimo katika makabati ya nyumba nyingi za watu wetu, Jeddah na Riyadh, Maskati na Unguja, kikiitwa kwa majina mengine. Kwa ajili ya nyumba hizo ndiyo maana naandika.

Ugoro wenyewe hauhitaji kuelezwa kwa Mswahili. Wazee wetu waliunusa, na kijaluba cha kuwekea walikiita tabakero, neno tulilorithi kwa Wareno, ambao pamoja na Wahispania ndio walioitembeza tumbaku katika bahari zote za mashariki. Waarabu wana neno la zamani zaidi, saʿut, ambalo kabla ya tumbaku kujulikana lilikuwa jina la dawa yoyote inayovutwa puani, na limo katika vitabu vya tiba. Wachina nao waliupokea ugoro kama dawa: wa kuondoa maumivu ya kichwa, kufungua pua iliyoziba, kutuliza tumbo. Chupa wanaiita *biyanhu*, neno lenye sehemu tatu: pua, tumbaku, na chombo cha kumiminia.

Ugoro uliingia katika kasri la Beijing kwa mikono ya mapadri wa Kijesuti wakati wa mfalme Kangxi, aliyetawala kutoka 1661 hadi 1722. Inasimuliwa kwamba alipozuru Nanjing mwaka 1684, mapadri wawili walimpelekea zawadi kadhaa, naye akazirudisha zote kwa adabu isipokuwa ugoro. Mwaka 1696 alifungua karakana ya vioo mjini Beijing chini ya Kilian Stumpf, Mjesuti wa Kijerumani, na chupa za ugoro zikawa miongoni mwa kazi zake. Ugoro wa Ulaya ulikuja katika visanduku vya kifuniko cha bawaba, lakini Wachina hawakuvipenda. Kisanduku hakifungi barabara, unga unashika unyevu, na kanzu za wakubwa wa Kimanchu hazikuwa na mifuko. Wao walikuwa na vichupa vya dawa tangu zamani. Wakachukua umbo hilo, wakalipa mdomo mwembamba, na kwenye kizibo wakapachika kijiko chembamba kinachofika hadi chini. Unachota ugoro kidogo, unauweka kwenye ukucha wa dole gumba, unavuta. Kichupa kinarudi ndani ya mkono wa kanzu au kwenye kifuko kinachoning'inia kiunoni.

Mpaka wakati wa Qianlong, aliyetawala kutoka 1736 hadi 1795, kichupa kilikuwa kimeshakuwa alama ya cheo. Mtu alimpa mgeni ugoro kama sisi tunavyompa kahawa, na mgeni aliitazama chupa kwanza ili ajue yuko mbele ya nani. Maafisa walipeana chupa kwa kutaka kupandishwa daraja. Mafundi nao walijaribu kila kitu kinachoweza kutobolewa: kioo zaidi ya vyote, kisha kauri, akiki, marijani, kaharabu, pembe, laka, mwanzi, na lile jiwe gumu la kijani au jeupe liitwalo jade. Vijiko vingi vilikuwa vya pembe. Pembe za ndovu za pwani yetu zilikuwa zikisafiri hadi China kwa kupitia Oman na India tangu zama za al-Masʿudi, aliyefariki mwaka 345 Hijria na kuiandika njia hiyo kwa uwazi.

Kazi ya jiwe yataka maelezo kidogo, kwa kuwa ndiyo inayowadanganya wanunuzi. Jade haikatwi kwa kisu. Chuma hakiikwaruzi. Fundi huisaga kwa mchanga mkali uliochanganywa na maji, akiuzungusha kwa gurudumu la chuma linaloendeshwa kwa miguu. Kwanza anatoboa shimo moja kutoka juu kwa mrija, kisha anaingiza vyuma vilivyopinda kama herufi ya lam na kuendelea kusaga mabega ya ndani, mahali asipopaona, akiongozwa na mkono na sauti. Kosa moja dogo na ukuta unatoboka. Chupa iliyofanywa vizuri ni nyepesi kuliko macho yanavyotarajia, na nyingine ni nyembamba kiasi cha kuelea juu ya maji. (Msomaji asijaribu. Sisi tumeshajaribu maji.) Chupa iliyofanywa haraka ina shimo lililonyooka tu kama la mtutu, na mabega yake ni mazito. Ukiitazama dhidi ya mwanga unaona mara moja.

Kioo nacho kilikuwa na ufundi wake. Walitengeneza chupa ya rangi moja, wakaichovya katika kioo cha rangi nyingine, kisha wakachonga tabaka la juu hadi libaki ua jekundu au joka la samawati likisimama juu ya weupe. Mkono ukipita juu yake, unahisi kingo za ua. Zile za kuigwa kwa rangi ya kupaka hazina kingo hizo.

Uchoraji wa ndani ulikuja mwishoni. Chupa za kwanza za namna hii ni za mwanzo wa karne ya 19, na uliposhika nguvu hasa ni Beijing kuanzia miaka ya 1880, kwa Zhou Leyuan na waliomfuata. Fundi hutia mchanga mkali na maji ndani ya chupa ya kioo au ya bilauri, akaitikisa kwa muda mrefu mpaka ukuta wa ndani ukwaruzike na kuwa kama karatasi, maana kioo laini hakishiki rangi. Kisha huingiza kijiti chembamba cha mwanzi kilichopinda nchani, au brashi yenye nywele chache, kupitia mdomo ambao upana wake ni milimita tano au sita. Anachora kinyume. Kilicho mbele katika picha, jicho la samaki au unyoya wa ndege, kinatangulia, na mandhari ya nyuma yanafuata, kwa sababu mtazamaji yuko upande wa pili wa kioo. Maandishi anayaandika kigeugeu ili yasomeke sawasawa kwa nje. Hakuna kufuta. Na rangi ni ile ile ya karatasi, wino na rangi ya maji, bila kitu cha kuifunika. Ndiyo maana matone machache ya maji ya marashi yanatosha kuharibu kazi ya siku nyingi.

Kati ya mabingwa wa Beijing yuko mmoja ambaye wasomaji wa jarida hili watapenda kumjua. Ma Shaoxuan, aliyezaliwa mwaka 1867 na kufariki 1939, alikuwa Mwislamu wa kabila la Hui. Sifa yake kubwa ni picha za nyuso za watu, kama ile ya mwigizaji wa opera Tan Xinpei, zenye vivuli laini kama picha za kamera. Upande wa pili wa chupa aliandika kwa hati safi. Katika maduka ya vitu vya kale watu hutaja jina lake kwa urahisi mno, na jina lake limeghushiwa kuliko yalivyoghushiwa mengi.

Ufalme ulipoanguka mwaka 1912, ugoro ulififia na sigara zikashika nafasi yake. Chupa hazikufa. Wageni wa Ulaya na Marekani walikuwa wameshaanza kuzikusanya, na mafundi wakaendelea kuchora kwa ajili yao. Baada ya 1949 kazi ilihamia katika viwanda vya sanaa vya serikali. Mji wa Hengshui, mkoani Hebei, ambako Wang Xisan aliwafundisha wanafunzi wengi, leo unatoa vichupa vilivyochorwa ndani kwa wingi, vizuri na vibaya. Nyingi ya chupa zinazouzwa sasa hazikupata kuonja ugoro hata siku moja.

Zilifikaje huku kwetu? Vyombo vya China katika Bahari ya Shamu si habari mpya. Mwaka 1432, katika safari ya mwisho ya merikebu za Zheng He, majahazi mawili ya China yalifika Aden na yakaomba ruhusa ya kuja Jeddah. Sultani Barsbay wa Misri aliitoa, na wanahistoria wa Kairo waliandika juu ya kauri, hariri na miski. Neno letu sinia lenyewe ni *siniyya*, kitu cha kutoka China. Katika uchimbaji wa Jeddah ya kale, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2024, vilipatikana karibu vipande 25,000 vya vitu mbalimbali, na katika Msikiti wa Uthman bin Affan kulikuwa na vyombo vya kauri vya China, vingine kutoka mkoa wa Jiangxi, vya karne ya 16 hadi ya 19. Jiangxi ndiko uliko mji wa Jingdezhen, na tanuri za Jingdezhen ndizo zilizochoma sahani za biashara na ndizo zilizochoma chupa za ugoro za kauri.

Burckhardt, aliyekaa Jeddah mwaka 1814, aliorodhesha maduka ya mji mmoja baada ya jingine. Humo anataja wauza tumbaku, na maduka ya Wahindi, wengi wao wa Bombay, yenye vyombo vya kauri, shanga za kioo, tasbihi na vioo vya kujitazamia. Anaeleza pia kwamba mahujaji wengi walikuja na bidhaa za nchi zao ili kujilipia safari. Kitu kidogo, chepesi na cha thamani ndicho kinachofaa kwa biashara ya hujaji, na mahujaji wa China nao walipita hapa. Ma Dexin, mwanachuoni wa Yunnan, alitoka kwao mwaka 1841, akapita Burma na Calcutta hadi Hijazi, na aliacha kitabu cha safari yake. Katika karne ya 20 wapo Waislamu wa China waliohamia kabisa. Jenerali Ma Bufang alikuja kuwa balozi mwaka 1957 na akabaki Saudia hadi alipofariki mwaka 1975.

Riyadh ni habari nyingine. Palgrave, aliyefika huko mwaka 1862, anaeleza kuwa tumbaku ilihesabiwa miongoni mwa madhambi makubwa kabisa. Kichupa cha ugoro katika mji wa namna hiyo hakingeweza kuitwa kwa jina lake. Hata leo ukienda Souq al-Zal, karibu na Qasr al-Hukm, utakiona kwenye sinia moja na pete za akiki na tasbihi, na muuzaji atakuambia ni *mukhula*, kichupa cha wanja, au ni cha mafuta ya udi. Sidhani anadanganya. Anakuambia kilitumika kwa nini katika nyumba kilikotoka, na hilo ni jambo jingine na la kujua kilitengenezwa kwa ajili gani.

Tofauti hii imewahi kuwapoteza wakubwa kuliko sisi. Mwaka 1828 na 1829 Ippolito Rosellini, mtaalamu wa Misri kutoka Italia, alirudi na kichupa kidogo cha kauri ya China, chenye ua upande mmoja na maandishi upande wa pili, kinachofanana na chupa za ugoro. Ilisemekana kimetoka katika kaburi la kifirauni ambalo halijapata kufunguliwa. Vingine vikaonekana, na Wilkinson, Mwingereza aliyeandika juu ya desturi za Wamisri wa kale, akavieneza. Ulaya ikashangaa kuwa China ilifanya biashara na Misri miaka zaidi ya elfu tatu iliyopita. Wajuzi wa Kichina walipoyasoma maandishi, wakakuta ni mistari ya washairi wa enzi ya Tang, iliyoanza mwaka 618 baada ya Kristo. Wauzaji wa Kairo walipobanwa, wakakiri kuwa vingi vilitoka Qus, Qift na Quseir. Msomaji anayejua njia za hija ataitambua mara moja miji hiyo. Quseir ni bandari ya upande wa pili wa bahari, mkabala na pwani ya Hijazi. Vichupa vilikuja kwa meli za biashara na hija, na vilikuwa na hadithi nzuri ya kutosha bila ya mafirauni.

Sasa basi, mtu akiwa na kichupa, atakijuaje? Atazame kizibo kwanza. Chupa ya ugoro ina kipande cha gome laini la mti kinachobana mdomoni, na kijiko chembamba kilichobapa nchani. Kichupa cha wanja kina kijiti kinene kidogo, cha mviringo, kisicho na ncha kali, ili kisiumize jicho. Kichupa cha uturi hufungwa kwa kizibo cha kioo kilichosagwa kikalingana na shingo, kwa sababu uturi unapotea hewani, na vile vya siku hizi vimepimwa kwa tola au robo tola. Lakini vizibo hupotea na kubadilishwa. Kizibo peke yake hakitoshi, na chetu kilikuwa na kijiti cha wanja cha fedha kilichofanywa na sonara baadaye. Atazame basi mdomo, unene wa ukuta na mabega ya ndani. Anuse. Unga wa kahawia uliokwama chini, hata uwe umekauka miaka mia, una harufu ya tumbaku. Kama kuna weusi, ni wanja. Chetu, kwa taarifa, kilikuwa na vyote viwili, cha juu na cha chini.

Na asitie maji, wala asipakate kwa kitambaa chenye maji. Brashi laini na kavu, kwa nje tu. Kisikae dirishani, kwa kuwa jua la Jeddah linafifisha rangi. Kipigwe picha pande zote nne na chini, kikiwa kando ya rula, na yaandikwe yale yanayosemwa juu yake: nani kasema, kampokea nani, kilinunuliwa wapi. Maelezo yanayopingana yaandikwe yote.

Sisi tulikuwa na bahati moja. Binamu yetu alikuwa amekipiga picha kwa simu miaka mitatu kabla ya harusi ile, bila sababu, kwa kuwapenda samaki. Picha haikuwa nzuri, lakini maandishi yalisomeka. Tulimpelekea kijana wa Kichina anayesoma Madina, naye akatujibu jioni ile ile. Samaki, alisema, katika Kichina hutamkwa sawa na neno la ziada, kwa hiyo picha yao ni dua ya riziki isiyopungua. Jina lililotiwa lilikuwa la Ye Zhongsan, bingwa wa Beijing wa zama za Ma Shaoxuan aliyependa kuchora samaki. Hilo halithibitishi mengi, kwa sababu wanawe watatu waliendelea kutia jina la baba yao, na waigaji wakalitia pia. Muhimu ni mwaka. Uliandikwa *wuxu*. Wachina walihesabu miaka kwa duru ya sitini, kila mwaka na jina lake, na jina likirudi baada ya miaka 60. Wuxu ni 1898, na ni 1958.

Hapo ndipo hadithi za ukoo zilipowekwa mezani. Sayyid Barghash alifariki mwaka 1888. Kichupa kilichochorwa miaka kumi baadaye hakikuweza kutoka mkononi mwake, wala cha miaka sabini baadaye. Ami hakufurahi, na bado anasema Mchina kasoma vibaya. Lakini shangazi alikuwa na hati ya safari ya bibi, yenye muhuri wa mwaka 1953, ikiwa imekunjwa ndani ya msahafu. Ikiwa bibi alikinunua katika hija ile, na shangazi ameyasikia hayo kwa bibi mwenyewe si mara moja, basi 1958 haiwezekani, na kinachobaki ni 1898, au mwigaji wa kabla ya 1953 aliyeandika mwaka wa zamani. Kwa maneno mengine, chupa yenyewe ilikuwa na tarehe mbili, na ni kumbukumbu ya mama mmoja kutoka Unguja iliyoiondoa moja.

Kichupa kimerudi kabatini, kitupu na cheupe, chini yake ile picha ya simu tuliyoichapa na kuitia fremu. Kando yake kuna karatasi yenye maneno ya shangazi na, kwa ombi lake mwenyewe, ya ami pia.